Bweni la Kijabe na Vitanda vya Kariakor: Historia ya Shule ya Watoto wa Wamisionari Ikisomwa kutoka Eastlands

Historia ya elimu nchini Kenya ina mazoea ya kuzigawa shule za wakati wa ukoloni katika mafungu matatu: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Katika fungu la kwanza hutajwa Prince of Wales ya Nairobi. Katika la mwisho hutajwa Maseno, Alliance na Mang'u. Ipo shule moja isiyokaa sawasawa katika mafungu hayo, na pengine ndiyo sababu wanahistoria huipita haraka na wahakiki wa fasihi huwa hawaigusi kabisa. Shule hiyo ni Rift Valley Academy ya Kijabe, iliyoanzishwa mwaka 1906, mwaka uleule ilipoanzishwa Maseno. Wanafunzi wake walikuwa weupe lakini hawakuwa watoto wa masetla. Wazazi wao waliishi miongoni mwa Waafrika, walijifunza Kikuyu, Kikamba na Kimaasai ili wahubiri kwa lugha hizo, na wengi wao walikuwa Wamarekani wasiokuwa na hisa yoyote katika mashamba ya Nyanda za Juu. Hata hivyo, kwa miongo mingi mtoto wa Mwafrika hakukalia dawati lake.

Makala hii inaitazama shule hiyo kutoka mahali ambapo huwa haitazamwi, yaani mitaa ya Eastlands ya Nairobi. Uhusiano wa mahali hapa pawili si wa kulazimishwa. Zote mbili, Kijabe ya misheni na Eastlands ya wafanyakazi, zilizaliwa na reli ileile ya Uganda, na zote mbili zilijengwa juu ya swali moja: mtoto akae wapi wakati mzazi anapofanya kazi ugenini?

Africa Inland Mission iliingia nchini mwaka 1895 chini ya uongozi wa Peter Cameron Scott, aliyeanza kazi Ukambani na kufariki mwishoni mwa mwaka 1896. Homa na safari ziliwamaliza wenzake au kuwarudisha kwao, na misheni ilikaribia kufa. Aliyeifufua ni Charles Hurlburt, mkurugenzi ambaye mwaka 1903 aliufanya mlima wa Kijabe kuwa makao makuu. Sababu zinaeleweka kwa urahisi: kituo cha reli kilikuwa karibu, hewa ilikuwa baridi katika kimo cha futi 7,000 na kitu, na mbu hakuwapo. Hurlburt alikuja na watoto, na hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kabla ya shule kuwapo, mmisionari mwenye watoto alikuwa na njia mbili tu. Angeweza kuwaacha Marekani kwa jamaa au katika nyumba za kulea watoto wa wamisionari, asiwaone kwa miaka. Ama angewaweka kituoni na kuwafundisha mkewe, kazi ambayo ilimwondoa mwanamke huyo katika huduma aliyoitiwa. Shule ya bweni ilikuwa njia ya tatu. Misheni ilipopanuka hadi Tanganyika mwaka 1909 na Kongo mwaka 1912, shule ikawa nguzo ya mpango mzima, kwani bila Kijabe wazazi wasingekubali kukaa mbali hivyo.

Tarehe 4 Agosti 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani miezi michache tu iliyotangulia na sasa yumo katika safari ya kuwinda, aliweka jiwe la msingi la jengo kuu la shule. Tukio hilo husimuliwa mno na wahitimu wa Kijabe, na si ajabu. Linaipa shule ndogo ya mlimani ukoo wa heshima. Lakini anayelisoma kwa jicho la mhakiki hataacha kuona kwamba jengo lenyewe liliitwa Kiambogo, jina la Kikuyu lenye maana ya mahali pa nyati. Rais mstaafu aliyekuja kuwapiga nyati risasi aliweka jiwe mahali pa nyati. Wanyama hao wametoweka mlimani, jina limebaki, na katika karne yetu nyati wa Kijabe ni wachezaji wa timu ya raga. Historia nyingi za makazi ya Wazungu nchini zina mkondo wa namna hiyo: neno la wenyeji hubakia kama pambo baada ya kitu chenyewe kuondoka.

Jambo zito zaidi lilitokea kati ya 1929 na 1930. Misheni kadhaa za Kiprotestanti, Africa Inland Mission ikiwamo, ziliwataka waumini wa Kikuyu wakane hadharani tohara ya wasichana. Waliokataa walipoteza nafasi zao kanisani, na watoto wao walipoteza nafasi shuleni. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Januari 1930, Hulda Stumpf, mwanamke aliyekuwa karani wa misheni hapo hapo Kijabe, aliuawa nyumbani kwake. Mgogoro huo umeandikwa sana, na riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1965, The River Between, imeufanya ufahamike hata kwa wasomaji wasiojua historia. Kinachosahaulika ni nafasi ya elimu ndani yake. Wakikuyu waliotoka misheni hawakwenda kukaa bure. Walijenga shule zao wenyewe, za Karing'a na za kujitegemea. Na mwishoni mwa miaka ya 1940 waumini wa Githumu, huko Murang'a, walijitenga na Africa Inland Mission na kuunda African Christian Church and Schools. Jina hilo lina ushahidi wa kutosha. Walitaka kanisa na shule, na waliona kwamba misheni yao iliwapa la kwanza na kuwabania la pili.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo. Africa Inland Mission iliamini kwamba kazi yake ni kuhubiri, na kwamba elimu ya juu kwa Waafrika ingewapotezea waumini unyenyekevu. Ikilinganishwa na Wapresibiteri wa Skotlandi au Waanglikana, ilisitasita sana kujenga shule za kupita kiwango cha kusoma Biblia. Lakini misheni hiyohiyo, juu ya mlima huohuo, iliwajengea watoto wake akademia kamili na kuwaandaa kwa vyuo vikuu vya Marekani. Si lazima kumshtaki mtu yeyote kwa unafiki ili kuuona mgongano huo. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa na imani moja kuhusu kile ambacho mtoto anahitaji. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulikuwa na uwezo wa kukijenga na mwingine ulikuwa na kazi ya kuomba.

Turudi Nairobi. Mtaa wa Kariakor, ambao jina lake linahifadhi kumbukumbu ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ulijengwa mwaka 1929 kwa mtindo wa mabweni. Muthurwa na makazi mengine ya reli yalikuwa yametangulia. Shauri Moyo ulifuata mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya Pangani kubomolewa. Ziwani na Kaloleni vikaja katika miaka ya 1940. Pumwani, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ulitofautiana na yote hayo kwa kuwa wakazi waliruhusiwa kujijengea, na ndio maana mtaa huo ulipata familia, misikiti, wanawake wenye nyumba na Kiswahili chenye mizizi. Kwingineko sera ilikuwa moja. Mwafrika aliletwa mjini akiwa mkono wa kazi, akapewa nafasi ya kitanda, akalipwa ujira wa mtu mmoja, na mkewe na watoto wakatakiwa kubaki akiba, kama maeneo ya wenyeji yalivyoitwa. Hata mshahara ulihesabiwa hivyo. Kamati ya Carpenter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1954, ilipendekeza ujira wa kumwezesha mfanyakazi kuishi na familia yake, na pendekezo hilo lilionekana kuwa mapinduzi.

Kwa hiyo mtaa wenyewe ulikuwa bweni. Kijabe ilimweka mtoto bwenini ili mzazi awe huru kufanya kazi ugenini; Kariakor ilimweka mzazi bwenini na kumwacha mtoto nyumbani. Katika hali zote mbili familia ilivunjwa kwa ajili ya kazi, na katika hali zote mbili safari ya treni ndiyo iliyoiunganisha tena kwa majuma machache. Lakini hali hizo si sawa kimaadili. Mmisionari alichagua, tena alichagua kwa ajili ya wito alioamini umetoka kwa Mungu. Mpagazi wa reli alichaguliwa na kodi ya kichwa na kipande alichokivaa shingoni. Aidha, likizo ya Kijabe ilikuwa haki iliyoandikwa katika kalenda: mihula mitatu, na kila mmoja ukifuatwa na takriban mwezi wa nyumbani. Likizo ya Kariakor ilitegemea hisani ya bwana.

Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960 iliwagusa wote, kila mmoja kwa namna yake. Tarehe 26 Machi 1953 yalitokea mauaji ya Lari, mahali ambapo si mbali na Kijabe. Shule ilizungushiwa seng'enge na kulindwa. Kutokana na miezi hiyo kimezaliwa kisa ambacho kimesimuliwa na kuchapishwa mara nyingi katika duru za kiinjili: kwamba wapiganaji wa Mau Mau walipanda kuivamia shule usiku, wakarudi nyuma, na baadaye mmoja wao aliyekamatwa akaeleza kuwa walizuiwa na watu waliovaa mavazi ya kung'aa waliouzunguka ua. Mtaalamu wa fasihi simulizi atalitambua umbo hili mara moja. Kisa cha namna hiyo hiyo kinasimuliwa kuhusu John Paton, mmisionari wa visiwa vya New Hebrides katika karne ya kumi na tisa, nacho kina vipengele vilevile: usiku, maadui, walinzi wenye nuru, na ungamo la adui baada ya muda. Kusema hivyo si kudai kwamba hakuna lililotokea Kijabe. Ni kusema kwamba jamii iliyojaa hofu ilikuwa na chombo cha masimulizi tayari mkononi, ikakitumia. Ni jambo la kutafakari pia kwamba katika kisa hicho mpiganaji hupewa sauti mara moja tu, na hupewa sauti hiyo ili athibitishe muujiza. Njaa yake ya ardhi, na shule aliyofungiwa, havimo katika ungamo.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 24 Aprili 1954, majeshi yaliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil. Mitaa ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa katika kambi za vizuizi. Hapakuwa na walinzi wenye nuru Bahati wala Shauri Moyo. Watoto waliobaki bila wazazi walijaa barabarani na katika masoko. Jina la mtaa mmoja linabeba upande mwingine wa uchungu wa miaka hiyo: Mbotela, uliopewa jina la Tom Mbotela, kiongozi wa siasa aliyepinga matumizi ya nguvu na kuuawa Nairobi mnamo Novemba 1952. Mtaa wa Ofafa nao una historia inayofanana.

Kutokana na maafa hayo ilizaliwa shule ya bweni ya pili katika historia hii. Novemba 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, walianzisha Kituo cha Wavulana cha Starehe kandokando ya mitaa hiyo, kwa kuanzia na vibanda viwili vya mabati. Griffin mwenyewe alisoma Prince of Wales na alikuwa amefanya kazi na vijana waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari. Gikubu alikuwa amezionja kambi hizo akiwa mfungwa. Mlango ulifunguliwa kwanza kwa watoto wa barabarani. Baada ya miongo michache shule hiyo ilikuwa miongoni mwa bora nchini, ikiwachanganya watoto wa maskini waliosoma bila karo na watoto wa wenye nacho. Linganisho na Kijabe linajitokeza lenyewe. Kijabe ilikuwa bweni la watoto ambao wazazi wao wapo lakini wako mbali; Starehe ilikuwa bweni la watoto ambao serikali ilikuwa imewaondolea wazazi.

Inafaa kumtaja hapa Carey Francis, ingawa kwa ufupi. Mwalimu huyo aliyeiongoza Alliance tangu 1940 hakurudi Uingereza alipostaafu mwaka 1962. Alikwenda Pumwani kufundisha katika shule ya sekondari ya mtaa, na huko ndiko alikokuwa akifanya kazi alipofariki mwaka 1966. Hakuwa na mtoto wa kupeleka Kijabe wala kwingineko, hakuoa. Mmisionari aliyekuwa na sifa ya ukali kuliko wote alimaliza siku zake akiwafundisha hesabu watoto waliokwenda nyumbani kila jioni.

Swali linalobaki ni la fasihi. Ni nani aliyepewa nafasi ya kuusimulia utoto wa bwenini? Wahitimu wa shule za wamisionari wameandika tawasifu nyingi kwa Kiingereza. Mwanasosholojia Mmarekani Ruth Useem aliwatolea watoto kama hao jina lililoenea duniani tangu katikati ya karne ya ishirini: watoto wa utamaduni wa tatu, yaani wasio wa nchi ya wazazi wala wa nchi walikokulia. Tawasifu hizo zina uzito wa kweli. Zinaeleza upweke wa mtoto wa miaka sita au saba anayelia usiku chini ya blanketi na asiyeweza kumlaumu mzazi, kwa kuwa kumlaumu mzazi ni kumlaumu Mungu aliyemwita. Uchunguzi wa shule ya Mamou nchini Guinea, uliofanywa na tume huru mwishoni mwa miaka ya 1990, ulidhihirisha kwamba katika baadhi ya mabweni ya namna hiyo ukimya huo ulificha mateso makubwa. Mhakiki wa Kiafrika hana sababu ya kuyadharau maumivu hayo kwa kuwa ni ya watoto weupe.

Hata hivyo, anaweza kukumbusha kwamba masimulizi ya bweni la misheni katika Afrika Mashariki hayakuanzia hapo, wala hayakuanzia kwa Kiingereza. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha kitabu kiitwacho Kiungani, ambacho kilikusanya maisha ya wavulana wa shule ya misheni ya Kianglikana huko Unguja, watoto waliotekwa utumwani na kuokolewa, waliosimulia kwa Kiswahili na kufasiriwa na Madan. Walichokisimulia ni namna walivyotenganishwa na mama zao. Mwaka 1934 James Mbotela, wa ukoo uleule wa Freretown alikotoka Tom Mbotela, alichapisha Uhuru wa Watumwa, masimulizi ya Kiswahili kuhusu jamii iliyolelewa na misheni karibu na Mombasa. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hicho kwa kuwashukuru mno Waingereza, na lawama hiyo ina haki. Lakini kikisomwa kando ya tawasifu za Kijabe, shukrani yake inaonekana kwa sura mpya. Mtoto aliyelelewa na misheni, awe wa mtumwa aliyeachwa huru au wa mhubiri kutoka Marekani, hukua akiwa amefunzwa kwamba kutengana kwake na wazazi ni sehemu ya wokovu wa watu wengine au wake mwenyewe, na lugha ya shukrani ndiyo pekee anayopewa kulielezea jambo hilo. Ngũgĩ, katika In the House of the Interpreter (2012), ameivunja lugha hiyo: mvulana anarudi kutoka bweni la Alliance mwaka 1955 na kukuta kijiji chake kimebomolewa, wakati ua wa shule uko salama.

Kuhusu utamaduni wa tatu, Eastlands ina la kusema. Serikali ilipoanza kujenga nyumba za familia, na hasa baada ya Uhuru watoto walipojaa Kaloleni, Makongeni, Jericho na Jerusalem, kilikua kizazi ambacho lugha ya nyumbani ilikuwa Kiluo, Kikamba, Kiluhya au Kikuyu, ya uwanjani Kiswahili, na ya darasani Kiingereza. Mashambani kwa babu zao walichekwa kwa lafudhi yao. Shuleni walipigwa kwa kutumia lugha ya mama. Kwa kila kipimo cha Useem hao walikuwa watoto wa utamaduni wa tatu, na kwa wingi wao walikuwa maelfu ambapo wale wa Kijabe walikuwa mamia. Hakuna mwanasosholojia aliyewaundia jina. Walijiundia wenyewe, na badala ya jina wakaunda lugha: Sheng, ambayo walimu waliiita uhuni na baadhi ya wataalamu wa Kiswahili wakaiita ugonjwa. Watoto wa Kijabe walipoondoka walipata vyama vya wahitimu, mikutano na vitabu vya kuwafariji kwa kukosa kwao. Wale wa Eastlands walibaki pale pale, na kukosa kwao kwao kukawa msamiati.

Kijabe ya leo imebadilika. Watoto wa wamisionari wa Kikorea na wa Kiafrika wanalala katika mabweni yake, na timu yake ya raga hucheza na shule za Kenya kama timu nyingine yoyote. Nchini kote, bweni limekuwa ndoto ya mzazi wa kawaida. Novemba 2022 Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba mabweni ya madarasa ya chini yangefungwa kuanzia Januari 2023, wazazi na wenye shule walilalamika, na agizo hilo likalegezwa. Miongoni mwa waliolitetea bweni walikuwa watu waliokulia katika chumba kimoja cha Makongeni, na hoja yao ilikuwa nyepesi: mtoto apate mahali pa kusomea usiku, na kitanda chake mwenyewe.